Msalaba wa Stenlesi wa Baba Mkwe

Jumamosi, 29 Machi 2025

Leo nimejitwika mzigo. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.

Tulikuwa Vidunda, nyumbani kwao Agatha. Kikao cha familia, ajenda moja: kaburi la baba mkwe, Mzee Donati. Msalaba wa mbao tuliousimamisha mwaka jana umeliwa na mchwa mpaka kwenye jina. Limebaki DON. Mama mkwe alisema neno moja tu, kwamba anachotaka ni jina la mume wake libaki pale hata siku yeye atakapokuwa hayupo. Kisha akajifunika kanga usoni.

Halafu mwanyumba wangu Yared, yule wa Kisanga aliyemuoa mdogo wake Agatha, akawakumbusha watu kwamba vigae vya kaburi alivileta yeye. Hakuna aliyemuuliza. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Vigae vyenyewe ni vya bafuni.

Nikasimama. Nikasema mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu Kilosa mjini, msalaba nauleta mimi. Tena wa stenlesi, chuma kisichojua kutu, kikae miaka mia. Usimamishwe Jumatatu ya Pasaka, Mchungaji aubariki. Yared akauliza kwa upole kama nimewahi kuchomelea stenlesi. Nikamjibu kila wiki.

Ukweli nauandika humu tu. Ninachojua ni mageti na grili za madirisha. Stenlesi nimeigusa mara moja, mpini wa sufuria ya jirani, na uling'oka kesho yake.

Lakini Mzee Donati nilimpenda. Nilipokwenda kuposa nilikuwa na msumeno mmoja na shati la kuazima, wajomba wakacheka waziwazi. Yeye akasema mwacheni kijana, ana mikono. Tangu nizaliwe sijaambiwa neno zuri kuliko hilo.

Jumanne, 1 Aprili

Mabomba yamefika kutoka Morogoro. Mazuri! Nimeyapangusa kwa kiwiko na kujitazama. Sura yangu imetoka ndefu, ila ya heshima.

Asubuhi nimemalizia geti la Bwana Kelvin. Halafu kwa grenda ile ile, diski ile ile, juu ya meza ile ile, nikakata msalaba. Sioni sababu ya kubadilisha diski ambayo bado nzima. Mafundi wanaobadilisha vifaa ovyo ndio hawaendelei.

Kuchomelea kumekwenda vizuri. Kila kiungo kimetoka na rangi zake: dhahabu, buluu, zambarau. Sikupanga hivyo. Agatha akaja kutazama, akauliza zile rangi ni za nini. Nikamwambia nakshi. Akatazama muda mrefu, akasema haya, Baba Doris. Akiniita kwa jina la binti yetu namna ile huwa haniamini.

Jina nimeligonga herufi moja moja kwenye kibati, nikakichomelea katikati. DONATI. Herufi zote zimenyooka, isipokuwa N imelegea kidogo.

Nimeuegemeza nje ya karakana ili wapita njia wafaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu jana. Leo asubuhi msalaba una kutu.

Nimeangalia mara tatu. Ni kutu. Madoa ya kahawia, madogo madogo kama vipele, mengi zaidi kwenye viungo na pale nilipokata. Chuma kisichojua kutu kimejuana nayo ndani ya siku mbili.

Nikampigia muuzaji wa Morogoro. Nikamwakia. Nikasema amenipiga, ameniuzia bati la kawaida kwa jina la stenlesi. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza nilikatia diski gani, na diski hiyo ilikata nini kabla. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nikachukua stilwaya ya Agatha jikoni. Nimesugua saa nzima, huku na huku, kwa hasira. Umetakata. Tatizo limekwisha, na sikuhitaji msaada wa mtu.

Jumapili, 6 Aprili

Tatizo halijakwisha. Kutu imerudi, na safari hii imefuata mistari ya stilwaya. Kila nilipopitisha mkono pana ufito wa kahawia. Ukisimama mbali unaweza kudhani nimeuchora.

Nimewaza wakati wa ibada nzima. Mahubiri sikuyasikia. Nilipotoka kanisani wazo lilikuwa limeiva: rangi ya fedha. Kopo moja, brashi moja, nani atajua? Nikapaka nikiwa bado na nguo za kanisani.

Agatha akafika, akaweka kidole juu ya jina la baba yake. Kidole kikatoka cha fedha. Akakifuta kwenye shati langu, polepole, akasema baba yake hakuwahi kujipaka rangi alipokuwa hai.

Jioni Yared akapiga simu kuulizia maendeleo. Nikamwambia unang'aa. Sikudanganya. Ulikuwa bado mbichi.

Jumanne, 8 Aprili

Siku kubwa. Nimekwenda Mikumi kupeleleza.

Bwana Kelvin ndiye aliyenieleza. Alikuja kuchukua geti lake, akauona msalaba, akaguna. Akasema Mikumi kuna fundi mwanamke anaitwa Editha, ametengeneza meza na masinki ya jiko la hoteli moja ya watalii. Mwaka wa saba huu, hakuna hata doa. Nilisema bahati. Moyoni nilikuwa nimeshapanga safari.

Kumuuliza waziwazi? Fundi mwenye miaka kumi na nane kazini kama mimi? Nilivaa shati la mikono mirefu na miwani ya jua, nikabeba faili la matokeo ya shule ya Doris. Nikajitambulisha kuwa mnunuzi wa vifaa wa hoteli mpya.

Editha ni binti wa miaka thelathini hivi. Mwembamba, mpole, haongei haraka. Akanipa shikamoo. Nikaitika marahaba kwa sauti ya mtu mwenye hoteli. Halafu akaniomba nivue viatu. Viatu, karakanani! Akasema soli zinabeba unga wa chuma, na unga ule haupaswi kuvuka mlango. Akavitazama viatu vyangu. Juu vimejaa matundu ya cheche. Akavipanga vizuri ukutani.

Sasa niandike nilichokiona, kwa sababu bado kimenikaa kichwani. Chuma cha kawaida anakifanyia uani. Stenlesi ina chumba chake. Meza imefunikwa zulia. Kila kifaa cha chumba kile kina alama ya rangi ya buluu, na chenye alama hakitoki nje, cha nje hakiingii. Diski zake, brashi zake, hata matambara yake. Karakana yangu ina nyundo moja inayopasulia mpaka mkaa wa Agatha.

Alikuwa anamalizia sinki. Anapitisha msasa upande mmoja tu, taratibu, kama anayemchana mtoto nywele. Anaanza na msasa wa kukwaruza, anashuka na laini, anamalizia na laini kabisa. Nilisimama pale mpaka nikasahau kwamba mimi ni mtu wa hoteli. Alipomaliza akaligeuzia dirishani. Nikauliza kiungo kiko wapi. Akasema ndicho ninachokitazama. Nilikitazama tena na sikukiona.

Akanieleza kila kitu. Stenlesi ina ngozi yake, nyembamba, haionekani kwa macho. Hewa yenyewe ndiyo inayoifuma. Ngozi hiyo ndiyo kinga, wala haihitaji rangi. Ukikatia diski iliyokata chuma cha kawaida, unga wake unajikita humo, na huo unga ndio unaoshika kutu. Stilwaya hivyo hivyo. Zile rangi za kwenye kiungo ni ngozi iliyoungua, lazima ziondolewe. Kisha unaosha kwa unga mweupe wa limau, ule wa watengeneza juisi, kwenye maji ya moto, unasuuza kwa maji safi mengi, unaiacha. Chuma kinajivika chenyewe.

Nilikuwa naitikia aa, ndiyo, bila shaka, huku masikio yakiwaka moto. Hakuficha hata neno. Mimi siwezi kumwambia fundi mwenzangu ninakonunua bawaba.

Nilipoaga akauliza hoteli yenyewe inajengwa wapi. Nikanyoosha kidole upande wa hifadhi. Akasema kule si kuna tembo. Nikasema ndiyo maana tunataka vitu imara.

Ijumaa, 11 Aprili

Siri ninayo. Namshangaa sana yule binti, lakini kila mtu ana upungufu wake, na wake nimeuona: anatumia unga wa dukani wakati ndimu zipo. Ndimu si limau tu?

Nimenunua ndoo nzima ya ndimu sokoni. Rangi ya fedha nimeibandua yote, imenichukua jana kutwa. Leo nimekamua ndimu mpaka vidole vimewasha.

Na hapa ndipo nimempita Editha. Nimeongeza chumvi. Kila aliyelelewa na mama anajua kwamba sufuria ikigoma kutakata, dawa yake ni ndimu na chumvi. Labda yeye hakuwahi kuambiwa. Nimeweka chumvi ya mawe nusu kilo, nikakoroga, nikaupaka msalaba uji mzito. Nikauzungushia gunia bichi. Nitauacha siku tatu, dawa iingie vizuri.

Agatha amenuna kwa sababu ya chumvi yake. Nikamwambia atanishukuru Pasaka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefungua gunia.

Naandika nikiwa nimekaa chini. Sasa si madoa. Ni matundu. Madogo kama ya sindano, mengi, na kila moja limetoa chozi la kahawia. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Kwenye kibati, herufi A imeliwa mguu mmoja. Kilichofanywa na mchwa kwa mwaka nimekifanya mwenyewe kwa siku tatu.

Imebaki wiki moja kamili.

Huwa nina mpango siku zote. Leo hakuna. Nimejaribu kuwaza na nimeona tu mama mkwe akijifunika kanga. Watu watapanda mlima kutoka kila upande, Mchungaji atafungua kitabu, halafu mimi nitafunua kitu hiki. Nimejisikia vibaya kuliko siku niliyofeli darasa la saba.

Agatha akaja akakaa kando yangu. Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema niupeleke kwa yule dada wa Mikumi. Akasema pia niende na sura yangu, miwani niiache.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefika Mikumi kwa bodaboda, msalaba nimeufunga kwa blanketi mgongoni. Blanketi halikuficha umbo. Njia nzima wanaume walivua kofia. Lori likasimama pembeni likatupisha. Dereva wa bodaboda aliniuliza ni nani aliyefariki. Nikasema mkwe wangu. Akaendesha polepole mpaka tulipofika, na nikashindwa kumwambia aharakishe.

Editha alikuwa mlangoni. Shikamoo. Marahaba, ila sauti ya mwenye hoteli haikutoka. Nikafunua blanketi. Nikasema msalaba huu ni wa rafiki yangu, fundi mmoja wa Kilosa, mzembe kidogo.

Akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye kila kiungo, hakuna alichoruka. Akauliza huyo rafiki alipaka nini. Nikasema ndimu. Akatikisa kichwa, si mbaya. Akauliza na nini tena. Nikaanza kukunja blanketi. Akauliza tena. Nikasema na chumvi.

Akafumba macho kidogo. Kisha akaeleza bila kunicheka kwamba chumvi ndiyo adui hasa wa ile ngozi, inaitoboa na kuzama. Sufuria ya bati inasuguliwa ikaoshwa papo hapo, wala haifungiwi kwenye gunia siku tatu. Halafu akasema nimwambie rafiki yangu avue viatu, aingie, ashike upande wa pili.

Nikavua viatu.

Tumefanya kazi mpaka jua limezama. Amekata viungo vyangu vyote, hakubakiza hata kimoja. Bomba lililotoboka sana ametupa, ameweka jingine. Amechomelea upya, mkono hautetemeki, mstari umelala umenyooka. Mimi kanipa msasa. Upande mmoja tu, akaniambia. Kwa muda wa saa sita. Kila nilipojaribu kukatisha ili niwahi, alisema rudi, tena akiwa amenipa mgongo. Anasikia kwa mlio! Mtu anasikia kosa la msasa kwa mlio.

Mikono haisikii. Kalamu naishika kwa shida.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo tumeulaza kwenye beseni refu la maji ya moto na ule unga mweupe. Hakuna uji, hakuna gunia. Saa moja tu kwa saa yake, kisha maji ya mvua, ndoo baada ya ndoo. Nilipotaka kuupangusa akanizuia. Akasema tuuache upate hewa.

Kibati kipya alinipa nikigonge mimi. Alichora mistari miwili, akasema herufi zikae katikati. Nikagonga. N haikulegea. Nilipoinua uso alikuwa anatazama jina, akauliza Mzee Donati alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsimulia siku ya posa, shati la kuazima, na lile neno kwamba nina mikono. Sikupanga kumsimulia.

Akasema mzee hakukosea, mikono ninayo. Mdomo ndio una haraka.

Angesema mwingine tungegombana. Nilicheka mpaka nikaomba maji. Nusura nimwamkie shikamoo mimi.

Kisha akaumwagia msalaba maji tena, akauacha umelowa mpaka kesho. Ndiyo mtihani wake. Ukiamka na doa moja, tunaanza upya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hakuna doa.

Nimetafuta kwa macho, kwa ukucha, kwa tochi ya simu. Safi. Haung'ai kama kioo, una weupe uliotulia, unapendeza kuutazama. Viungo sivioni, na nilikuwepo vilipochomelewa. Nimekaa mbele yake kama mtu aliyekuja kusali, na labda nilisali. Yule binti ana ufundi ambao sijauona kwa mtu yeyote kati ya Kilosa na Morogoro, na naandika hivi bila kinyongo chochote. Kidogo tu.

Akanipa masharti: sabuni, maji safi, kitambaa laini, basi. Stilwaya marufuku, chumvi marufuku, majivu marufuku. Akanitaka niyaseme mara mbili. Akaongeza kwamba kama nataka kuijua stenlesi sawasawa, nije nikae naye wiki tatu, kazi anazo nyingi. Nikasema nitaangalia ratiba.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Vidunda. Watu wengi, ukungu umeondoka mapema. Msalaba tumeusimamisha asubuhi, saruji ikashika. Mchungaji akausifia kabla hajaanza. Mzee mmoja akaushika akasema hiki si chuma, hii ni fedha. Yared alizunguka nyuma, akachuchumaa, akatafuta viungo. Akarudi hajaviona. Jamani, raha niliyoipata!

Mchungaji akauliza nani ameutengeneza. Nikakohoa kwa unyenyekevu. Watu wakageuka wote kunitazama. Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi.

Mama mkwe akasogea. Akaweka kiganja juu ya jina, akasoma herufi moja moja kwa midomo, DONATI. Machozi yakamtoka, na alikuwa anatabasamu. Kisha akapiga magoti, akafungua kikapu chake, akatoa bakuli la majivu na stilwaya.

Hapa lazima nieleze. Mama mkwe ni maarufu kwa sufuria zake, zinaonekana kutoka mlima wa pili. Kwake kusugua ni kupenda. Akasema anataka kumsugulia mume wake kwa mkono wake kabla ya baraka, na atafanya hivyo kila Jumamosi mpaka atakapokufa. Akina mama wakaanza wimbo.

Kwao Agatha, mkwe mwanamume hamgusi mama mkwe. Hamshiki mkono, hamkatizi, hamkosoi. Ukiwa na neno unampa mke wako, naye analipeleka. Nikamtafuta Agatha. Alikuwa jikoni na masufuria ya pilau. Nikamtazama Yared, naye anaimba. Stilwaya imeshaingia kwenye majivu, imeshainuka.

Nikamshika mama mkwe kifundo cha mkono.

Wimbo ukakatika. Mtu akaangusha sahani. Mimi mwenyewe sikuamini, ila sikuachia. Nikasema mama, ukiusugua hivi jina litaondoka tena. Baada ya hapo yote yakatoka bila mpangilio: diski, rangi ya fedha, ndoo ya ndimu, nusu kilo ya chumvi, miwani ya jua. Nikasema mimi niliuharibu mara tatu. Aliyeuponya ni Editha wa Mikumi, mimi nilishika msasa tu. Mbele ya ukoo. Mbele ya Yared.

Agatha alikuwa amefika mbio, mwiko mkononi. Mama mkwe hakunijibu mimi, alimwambia yeye amuulize Baba Doris kama analia. Agatha akaniuliza. Nikasema ni moshi. Mama mkwe akaitupa stilwaya kwenye migomba, akaomba kitambaa. Akavua kilemba chake mwenyewe, akakilowesha, akapangusa jina upande mmoja tu, taratibu, kama aliyefundishwa na Editha.

Wazee wamekaa kando, wamenitoza faini ya kumgusa mkwe: jogoo na doti ya kanga. Yared akajitolea kunisaidia kuchagua jogoo. Mama mkwe ameagiza mkungu wa ndizi uende kwa yule binti wa Mikumi, mkubwa kuliko wote shambani.

Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia mama mkwe akisema peke yake, ameushika ule msalaba, kwamba siku yake ikifika naye angependa kulala chini ya kitu kama hiki.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mji umetulia, nafasi nzuri ya kazi.

Jogoo nimelipa. Ndizi nimepeleka. Editha akauliza tena kuhusu zile wiki tatu. Nikamshukuru, nikamwambia hakuna haja, nimeshaona kila kitu. Amenifundisha vizuri mno, huyo ndiye mwalimu. Siku mbili zimetosha.

Toka Jumatatu nimekuwa nikiwaza namna ya kumfurahisha mama mkwe. Yared amempelekea kipande cha sabuni na kitambaa, anajiona mwerevu. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu anachokitaka, na sitasubiri aombe mara ya pili. Wa kwake naufanya mwenyewe, kwa siri, bila msaada wa mtu. Agatha nimemwambia ni kibao cha tangazo la karakana.

Mabomba nimeyakata asubuhi hii. Diski nimeifuta vizuri kwa shati. Ndimu nimeagiza, na chumvi safari hii nitaweka kidogo tu.

Ni msalaba mzuri, mrefu kuliko wa mzee. Jina la mama mkwe nimeshagonga: LETISIA. Chini yake mwaka aliozaliwa, na pembeni nimeacha nafasi ya mwaka mwingine, nitakuja kuujazia. Nitampelekea Siku ya Akina Mama, tarehe kumi na moja Mei, mbele ya kanisa zima, nimeufunga kwa karatasi ya maua.